Madarasa ya Jumapili: Historia ya Vikundi vya Kujisomea Mlimani

Kuanzia mwaka 1967 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na desturi ya kukutana nje ya ratiba ya masomo ili kujadili vitabu. Vingi vilikuwa vitabu vya historia, uchumi wa siasa, falsafa na elimu. Hakukuwa na mtihani, cheti wala alama za kutafuta. Waliokutana walitaka kujua mtu aliyesomeshwa kwa mitaala ya mkoloni atafikirije kwa uhuru, na akishapata elimu hiyo, aitumie kwa faida ya nani. Mikutano hiyo ilizaa majarida, vitabu ambavyo vinasomwa hadi leo duniani kote, na kizazi cha wasomi na viongozi wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Pia iliwagombanisha washiriki wake na uongozi wa chuo na wa chama tawala, kwa sababu wasomaji wale walipofunga kitabu waliigeukia nchi yao na kuihoji vilevile.

Chuo kipya, mitaala ya zamani

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20, katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Shahada zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, mahali ambapo tangu hapo watu wamepaita Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, taasisi kamili ya taifa.

Majengo yalikuwa mapya, lakini mengi ya yaliyofundishwa ndani yake yalitoka Uingereza. Idara ya historia ilikuwa ya kwanza kujitoa. Chini ya Terence Ranger, na baadaye kwa kazi ya Watanzania kama Isaria Kimambo na Arnold Temu, ambao kitabu chao A History of Tanzania kilitoka mwaka 1969, idara hiyo ilianza kuifundisha historia ya Afrika kama historia ya Waafrika wenyewe. Idara nyingine zilichukua muda mrefu zaidi kubadilika. Mwanafunzi wa kawaida wa katikati ya miaka ya 1960 alijiona ofisa mtarajiwa: Waingereza walikuwa wakiondoka, nafasi zilikuwa wazi, na shahada ndiyo iliyokuwa ufunguo wa nyumba ya serikali na gari.

Mtazamo huo ulidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi, wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, waliandamana kupinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao ya baadaye. Baadhi ya mabango yalidai kwamba afadhali ukoloni. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao wanafunzi wapatao 400. Kwa serikali, tukio hilo lilikuwa ushahidi kwamba elimu iliyopo inazalisha watu wasiowajua wazazi wao. Kwa wanafunzi wachache waliolitazama kwa aibu, lilikuwa mwanzo wa kujiuliza walichokuwa wakifundishwa.

Majibu ya serikali yalikuja haraka. Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 1967, na mwezi Machi Nyerere akatoa kijitabu chake Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba shule za kikoloni ziliundwa ili kupata makarani na maofisa wa chini wa dola ya kikoloni. Kwamba zilikuza ubinafsi na kumtenga mtoto na jamii yake. Na kwamba zilimzoesha mwanafunzi kuamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni au kwa waliosoma. Alitaka elimu itakayompa kijana mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine akichagua la kuchukua na la kuacha, na kujiamini kwamba yeye ni raia sawa na wengine. Mwezi huohuo ulifanyika mkutano kuhusu nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa, ambao ulijadili namna ya kubadili masomo yenyewe. Kijitabu cha Nyerere kikawa miongoni mwa maandiko ya kwanza kuhusu ufundishaji na fikra kujadiliwa kwa uzito Mlimani, na walioichukulia kwa dhati hasa akili ile ya kudadisi hawakuishia pale kilipoishia chenyewe.

Kuzaliwa kwa USARF

Novemba 1967 kundi la wanafunzi lilianzisha Umoja wa Wanafunzi wa Mapinduzi ya Afrika, uliojulikana kwa kifupisho chake cha Kiingereza, USARF. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni kutoka Uganda, mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Miongoni mwa Watanzania walikuwamo Issa Shivji wa sheria, Karim Hirji wa hisabati, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Wengine walitoka Uganda, Malawi, Sudan, Ethiopia na kwingineko. John Garang, ambaye baadaye aliongoza vita vya Sudan Kusini, alishiriki alipofika Dar es Salaam baada ya shahada yake Marekani. Kundi halikuwa kubwa ukililinganisha na idadi ya wanafunzi wote, na wengi waliowazunguka waliwaona wakorofi.

Mji wenyewe uliwasaidia. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa humo Juni 1962, na vyama vya ukombozi vya Angola, Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe vilikuwa na ofisi mjini. Mwanafunzi aliyesoma juu ya ukoloni wa Wareno asubuhi aliweza jioni kumsikiliza mpigania uhuru aliyetoka msituni. Wanachama wa USARF walikwenda mbali zaidi: mwaka 1968 Museveni na wenzake walitembelea maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji, na aliporudi aliandika tasnifu yake akizipima hoja za mwanafikra Frantz Fanon kwa aliyoyaona huko. Tangu mapema, kitabu kwao kilikuwa kitu cha kupimwa kwa maisha.

Mtu aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika desturi hii alikuwa mwalimu wa historia, Walter Rodney. Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942, akapata shahada ya uzamivu London mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 24. Akiwa mwanafunzi London alihudhuria kikundi cha kujisomea kilichoongozwa na C. L. R. James, mwanahistoria wa Trinidad, pamoja na mkewe Selma James. Huko ndiko alikojifunza kulisoma andiko pamoja na wenzake, sentensi kwa sentensi, huku akiuliza limeandikwa katika mazingira gani na kwa nini. Alifundisha Dar es Salaam mwaka 1966 na 1967, kisha akaenda kufundisha Jamaica. Huko aliondoka kwenye kumbi za chuo na kukaa na Marasta na vijana wasio na kazi katika vitongoji vya Kingston, akizungumza nao historia ya Afrika. Oktoba 1968 serikali ya Jamaica ilimzuia kuingia tena nchini, na wanafunzi na watu wa mjini wakaandamana kwa ghasia. Mwaka 1969 alirudi Mlimani, na alikaa hadi 1974.

Jinsi darasa lilivyokwenda

Shughuli kuu ya USARF ilikuwa madarasa ya itikadi yaliyofanyika Jumapili asubuhi. Yalifanana na semina, ila hakuna aliyelazimishwa kuhudhuria. Kitabu au sura iliteuliwa mapema, kila mtu akatarajiwa kufika akiwa amesoma, na mmoja akaeleza kiini chake kabla ya mjadala kufunguliwa. Mwalimu aliyehudhuria alikaa kama mshiriki na aliweza kupingwa. Kwa wanafunzi waliolelewa katika shule ambako mwalimu husema na mwanafunzi huandika, kumpinga Rodney mbele ya watu na kujibiwa kwa hoja lilikuwa funzo lenyewe, hata kabla ya kufika kwenye maudhui ya kitabu.

Orodha ya vitabu haikufanana na ya madarasa ya kawaida. Kitabu cha Fanon kuhusu watu waliolaaniwa wa dunia, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1961, kilisomwa sana, hasa sura inayolikosoa tabaka jipya la watawala wa Kiafrika linalorithi viti vya wakoloni bila kubadili uchumi. Walisoma Neo-Colonialism cha Kwame Nkrumah kilichotoka mwaka 1965, maandishi ya mpigania uhuru Amilcar Cabral, The Political Economy of Growth cha Paul Baran, na maandiko ya Marx na Lenin, ambayo yalipatikana kwa bei nafuu kutoka wachapaji wa Moscow na Peking. Walimu kutoka nje kama Giovanni Arrighi, John Saul, Lionel Cliffe na mwanauchumi wa Hungaria Tamás Szentes walikuwa wakiandika wakati huohuo juu ya uchumi wa Afrika, hivyo wasomaji waliweza kukutana na mwandishi mwenyewe varandani na kumdai maelezo.

Kilichowaunganisha wasomaji hawa na suala la elimu ni kwamba kila kitabu kiliwarudisha kwenye chuo chao. Ikiwa Fanon alisema kweli kuhusu tabaka jipya, basi Mlimani palikuwa kiwanda cha tabaka hilo. Ikiwa uchumi ulifungwa kwa kamba za nje, kwa nini mtaala wa uchumi haukuzitaja kamba hizo? Kutokana na maswali hayo walitoka ukumbini na kutenda. Mwaka 1968 walizuia sherehe ya Rag Day, desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza ambapo wanafunzi walivaa matambara na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za hisani. Kwao, msomi aliyevaa matambara kwa mchezo katika nchi ambayo wengi walivaa matambara kwa kukosa nguo alikuwa akiwadhihaki maskini. Walikwenda pia vijijini kufanya kazi na wakulima, na walichangia damu kwa ajili ya wapiganaji wa FRELIMO.

Cheche na kufungwa kwake

Waliosoma pamoja walianza kuandika pamoja. Novemba 1969, USARF na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU walitoa toleo la kwanza la jarida la Cheche. Jina lilifuata nyayo za gazeti la Lenin, Iskra, na lile la Nkrumah, Spark. Wahariri walikuwa wanafunzi: Hirji, Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miongo kadhaa baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Makala zilichapwa kwenye stensili na kutolewa kwa mashine ya kurudufu, na kazi ya kupanga kurasa, kubana na kuuza ilifanywa kwa kujitolea. Jarida halikupokea matangazo ya biashara.

Mwaka huohuo wa 1969 ulionyesha pia mipaka ya uvumilivu wa serikali. Mwezi Desemba ilifanyika semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati katika Ukumbi wa Nkrumah chuoni. Rodney aliwasilisha mada iliyodai kwamba viongozi wengi waliopokea uhuru walikuwa wameyasaliti matarajio ya watu wao. Gazeti la TANU, The Nationalist, lilimshambulia katika tahariri kali likimwonya kuhusu kuhimiza kuangushwa kwa serikali za Afrika. Rodney alijibu kwa barua, akaeleza msimamo wake bila kuomba radhi kwa hoja yake ya msingi, huku akionyesha heshima kwa nchi iliyompokea. Aliendelea kufundisha.

Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye kazi moja ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania. Shivji, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikusanya takwimu za makampuni na kuuliza nani hasa anautawala uchumi baada ya mabenki na viwanda vikubwa kutaifishwa mwaka 1967. Jibu lake lilikuwa kwamba mikataba ya uendeshaji, teknolojia na masoko bado ilikuwa mikononi mwa mitaji ya nje, na kwamba warasimu wa ndani walikuwa wakijijenga kuwa tabaka lenye maslahi yake. Rodney, Szentes na Saul waliandika maoni juu yake, na mjadala mzima ukachapishwa kama kitabu na Tanzania Publishing House mwaka 1973.

Novemba 1970, serikali iliiamuru USARF ivunjwe na Cheche ifungwe. Hoja zilizotolewa zilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha kuwakusanya vijana wote wanamapinduzi, na kwamba jina la jarida liliashiria ujamaa wa kuazima kutoka Urusi. Wanafunzi walitii amri, lakini hawakuacha kuandika. Mwanzoni mwa 1971 tawi la Umoja wa Vijana lilitoa jarida jipya lililoitwa MajiMaji, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Jina hilo lisingeweza kulaumiwa kuwa la kuazima, na wengi wa waandishi walikuwa walewale. Julai mwaka huohuo, rais wa serikali ya wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, alikamatwa chuoni na askari wenye silaha na kurudishwa kwao baada ya kuandika barua ya wazi kwa makamu wa mkuu wa chuo. Wanafunzi waligomea madarasa. Hali ya chuo ilikuwa ya wasiwasi, lakini vikundi vya kusoma havikufa. Vilijigawa vikawa vidogo zaidi na vingi zaidi.

Kitabu kilichosomwa kabla ya kuchapwa

Tunda maarufu kuliko yote la mazingira haya ni How Europe Underdeveloped Africa cha Rodney, kilichotoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Tanzania Publishing House na Bogle-L'Ouverture ya London. Neno la mwisho liliandikwa na mwanasiasa Abdulrahman Babu. Katika dibaji, Rodney anawashukuru kwa majina wanafunzi wawili, Karim Hirji na Henry Mapolu, kwa kuusoma mswada wake na kuukosoa kwa nia ya kuujenga. Kisha anakataa kufuata mazoea ya waandishi ya kudai kwamba makosa yote ni yao peke yao. Kwake, kazi ya namna hiyo ilitoka kwa wengi, na wajibu wake pia ulikuwa wa wengi. Mhadhiri kumpa mwanafunzi mswada wake aukosoe, kisha kulitangaza jambo hilo mbele ya dunia, lilikuwa jambo adimu katika vyuo vya wakati huo.

Kitabu chenyewe kinagusa suala la elimu moja kwa moja. Katika sura ya sita Rodney anaeleza jinsi shule za kikoloni zilivyokuwa chombo cha kudumaza maendeleo. Anaanza na elimu ya Kiafrika kabla ya ukoloni, iliyofungamana na kazi, umri na maisha ya jamii. Anaonyesha jinsi serikali za kikoloni zilivyotumia kiasi kidogo mno kwa elimu kikilinganishwa na kodi zilizokusanywa, na jinsi masomo yalivyomfundisha mtoto wa Kiafrika kuhusu milima na wafalme wa Ulaya. Lakini anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau: Waafrika waliidai elimu hiyo, waliijenga wenyewe pale mkoloni alipokataa, kama Wakikuyu walivyofanya kwa shule zao huru, na wakaitumia kumwondoa mkoloni. Shule ilifundisha utii na bado ikatoa waasi.

Hirji aliendeleza mjadala huo mwaka 1973 katika MajiMaji, kwa makala ndefu juu ya elimu ya shule na kudumaa kwa maendeleo Tanzania. Aliutazama mfumo wa wakati wake na si wa mkoloni tu, akauliza kwa nini shule zilizokusudiwa kufundisha kujitegemea bado zilikuwa zikipima watoto kwa mtihani wa kuchuja wachache. Hapo duara lilikuwa limetimia: kijitabu cha Nyerere kiliwaita wanafunzi wadadisi, nao sasa walikuwa wakikidadisi kwa vipimo vyake chenyewe.

Kutoka Mlimani hadi vijijini

Vikundi vya kusoma havikuwa mali ya wanachuo peke yao. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya chuo, iliendesha vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Moja ya kampeni za mwanzo, Uchaguzi ni Wako, ilihusu uchaguzi wa 1970. Iliyofuata, Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, iliadhimisha miaka kumi ya uhuru. Mwaka 1973 ilikuja Mtu ni Afya, iliyokuwa kubwa kuliko zote: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Kikundi kilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki kumi na mbili. Wanakikundi walisikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975.

Mwaka 1971 mwalimu wa Kibrazili Paulo Freire alifika Dar es Salaam na kuzungumza na wataalamu wa taasisi hiyo. Kitabu chake juu ya ufundishaji wa wanyonge kilikuwa kimetoka kwa Kiingereza mwaka uliotangulia. Freire alipinga elimu inayomfanya mwanafunzi chombo cha kuwekewa maarifa na mwalimu. Alitaka mwalimu na mwanafunzi wayachunguze maisha yao pamoja na kila mmoja ajifunze kwa mwenzake. Wazo hilo halikuwa geni kwa waliohudhuria madarasa ya Jumapili. Lilichangia pia mabadiliko ya mbinu za utafiti katika taasisi, ambako watafiti akiwamo Budd Hall walianza kuhoji desturi ya mtaalamu kuchukua takwimu kijijini na kuondoka nazo bila wanakijiji kushiriki kuzifasiri.

Sambamba na vikundi vya redio, juhudi za kisomo, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, zilileta matokeo yaliyopimika. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi asilimia 39.

Vikundi sita kwa wiki

Katikati ya miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin nchini Uganda uliwakimbiza wasomi wengi wa nchi hiyo hadi Mlimani, wakiwemo Dani Nabudere, Yash Tandon na Mahmood Mamdani. Mamdani, aliyefundisha hapo kuanzia 1973 hadi 1979, ameeleza kwamba mwaka 1975 alikuwa katika vikundi sita vya kujisomea kwa wakati mmoja. Kila kimoja kilikuwa na watu wachache, kilikutana mara moja kwa wiki, na kilihitaji kusoma kurasa zipatazo 100. Kimoja kilisoma Das Kapital, vingine vilisoma mapinduzi ya Urusi, mapinduzi ya China, suala la ardhi na wakulima, na kimoja kilijadili jamii na siasa za Uganda.

Kutokana na vikundi hivyo vilitoka vitabu vilivyojibizana. Shivji alitoa Class Struggles in Tanzania, Mamdani akatoa Politics and Class Formation in Uganda mwaka 1976, na Nabudere akatoa kitabu chake juu ya uchumi wa siasa wa ubeberu mwaka 1977. Nabudere aliwapinga wenzake kwa hoja kwamba walilitazama tabaka la ndani na kuusahau mtaji wa kimataifa. Wenzake walimjibu kwamba hoja yake inawaondolea watawala wa ndani lawama. Mabishano hayo, ambayo wakati mwingine yalikuwa makali kupita kiasi, yalikusanywa na Tandon katika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Baadhi ya waliobishana waliingia katika siasa zenyewe. Baada ya mkutano wa wapinzani wa Amin uliofanyika Moshi Machi 1979, Waganda kadhaa waliotoka Mlimani walishika nafasi katika uongozi uliochukua nchi Amin alipoangushwa, na Museveni amekuwa rais wa Uganda tangu 1986. Historia ya utawala wake inaonyesha kwamba kusoma Fanon ujanani hakumkingi mtu na yale ambayo Fanon aliyaonya.

Mipaka na kufifia

Desturi hii ilikuwa na kasoro zilizoonekana hata wakati wake. Ya kwanza ni lugha. Mijadala, majarida na vitabu vilikuwa kwa Kiingereza katika nchi ambayo wakulima na wafanyakazi waliotajwa katika kila ukurasa walizungumza Kiswahili. Kitabu cha Fanon kilipata tafsiri ya Kiswahili, Viumbe Waliolaaniwa, iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga, mwaka 1978, zaidi ya miaka kumi tangu kianze kujadiliwa Mlimani. Kampeni za redio zilitumia Kiswahili na kuwafikia mamilioni, lakini zile kubwa zaidi zilihusu afya na chakula. Mjadala wa nani anaimiliki nchi ulibaki kwa waliojua Kiingereza. Kasoro ya pili ni kwamba baadhi ya washiriki waliacha mafundisho ya mkoloni yaliyokaririwa na kushika mafundisho mengine ya kukariri, wakamaliza hoja kwa kutaja jina la mwandishi mkubwa badala ya ushahidi. Ya tatu ni uchache wa wanawake, katika vikundi vilivyozungumza sana juu ya usawa.

Kufifia kulikuja taratibu. Rodney aliondoka mwaka 1974, na tarehe 13 Juni 1980 aliuawa kwa bomu Georgetown. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya viongozi, na mamia wakafukuzwa chuo. Vita vya Kagera dhidi ya Amin na uhaba wa fedha za kigeni viliifanya karatasi yenyewe kuwa bidhaa adimu. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, bajeti ya elimu ya juu ilibanwa, mishahara ikapoteza thamani, na walimu wengi wakageukia kazi za ushauri zilizolipwa na wafadhili. Mwalimu anayeandika ripoti ya mfadhili usiku hana saa ya kusoma kurasa mia za kitabu asicholipwa kukisoma. Miaka ya baadaye zilifanyika juhudi za kuihuisha desturi. Iliyojulikana zaidi ni Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa chuoni mwaka 2008 chini ya Issa Shivji mwenyewe, ambacho matamasha yake yaliwakutanisha tena wasomi, wanafunzi na wananchi, mara nyingi kwa Kiswahili.

Ukiondoa itikadi za wakati ule, ambazo msomaji wa leo anaweza kuzikubali au kuzikataa, yanabaki mambo manne yaliyovipa vikundi vya Mlimani nguvu: kitabu kilisomwa na wote kabla ya kukutana, mwalimu alikaa kati ya wanafunzi na kupingwa, mjadala ulirudi kwenye maisha ya nchi, na mjadala uliishia katika maandishi yaliyosomwa na wengine. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bajeti kubwa au kibali cha wizara. Vyuo vya Afrika Mashariki leo vina wanafunzi wengi mara nyingi zaidi ya Mlimani ya mwaka 1967, vitabu vinapatikana kwa simu, na Kiswahili kimepiga hatua kama lugha ya taaluma. Wanafunzi na walimu wa sasa wana wajibu wa kuirudisha desturi hiyo, na safari hii waifanye katika lugha ambayo watu wanaojadiliwa wataielewa.